Mchana anakojoa kila baada ya dakika 10, usiku analala fofofo

SWALI: Shikamoo nesi. Binti yangu ana miaka 5, anasoma darasa la awali hapa Uyole. Wiki ya tatu sasa anakwenda kukojoa kila baada ya dakika 10 au 15. Haumwi popote, hana homa, anacheza, na usiku analala mpaka asubuhi bila kulowesha kitanda. Baba yake anasema ni baridi ya Julai. Duka la dawa walinipa dawa ya UTI bila kumpima. Ameimaliza, hali ni ileile. Bibi yake aliyekuwa akilala naye amesharudi Tukuyu, niko peke yangu, nimechoka, juzi nimemchapa. Nifanyeje? – Mama wa Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza fimbo iweke chini. Huyo mtoto hafanyi makusudi. Anabanwa kweli, hata kama ndani kuna kijiko kimoja tu cha mkojo.

Mjukuu wangu alipatwa na hali hii mama yake alipojifungua mapacha. Alikuwa akilikokota kopo lake kila chumba. Anachuchumaa, matone matatu, anapandisha suruali, na kabla sijakaa ameshalirudia. Iliendelea kama miezi miwili, kisha ikaisha yenyewe. Hata siku iliyokwisha hatuikumbuki.

Lililonituliza kwenye barua yako ni usiku. Ugonjwa wa kibofu kwa kawaida haujui mchana wala usiku. Na baridi, ni kweli, humfanya mtu akojoe, lakini hutoka mkojo mwingi. Wa binti yako unatoka kiasi gani? Mwekee kopo lenye vipimo siku moja. Kibofu cha mtoto wa miaka 5 hubeba kama mililita 210, karibu kikombe cha chai. Akitoa kidogo kidogo kila mara, ndiyo hali ninayoisema.

Hata hivyo mpeleke zahanati apimwe mkojo, maambukizi na sukari. Hiyo dawa ulipaswa kupewa baada ya kipimo, si kabla. Muulize pia kama anapata choo kigumu, maana kinyesi kikijaa hukandamiza kibofu. Ila ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mkojo mwingi, anakonda, au ameanza kukojoa kitandani, usingoje kesho: hiyo inaweza kuwa kisukari. Homa, maumivu au damu kwenye mkojo navyo havisubiri. Kama huwa anaoga mtoni au ziwani, mwambie daktari, kwa sababu ya kichocho.

Vipimo vikiwa safi, hakuna dawa ya kununua. Usimnyime maji, usimhesabie safari za chooni, wala usimuulize "tena?" Mwombe mwalimu amkalishe karibu na mlango, atoke bila kunyoosha mkono. Mtoto anayeogopa kukatazwa hubanwa zaidi.

Sasa narudi kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu. Bibi aliondoka lini? Hesabu wiki zako vizuri. Hali hii mara nyingi huanza mtoto anapopata mshtuko: msiba, shule mpya, mdogo kuzaliwa, au aliyekuwa akimkumbatia usiku kuondoka. Wewe uliona bibi amerudi kwake. Yeye aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda una baridi, na huenda hakuna aliyemweleza. Mweleze. Kisha jioni ya leo piga simu Tukuyu, mpe mtoto aongee na bibi yake mpaka atosheke.