Kompyuta ilinunuliwa na nani, mwanangu?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma mjini, nina miaka 34, mume na watoto wawili. Naandika riwaya za mapenzi na kuziuza kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwaka huu nimemaliza tatu. Wasomaji wangu 400 wanalipa shilingi 1,000 kila mmoja kwa riwaya nzima, na nikichelewesha sehemu mpya siku moja tu wanalia kwamba nimewaacha na arosto. Mume wangu hajasoma hata moja. Ni mvuvi wa dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inapotua, usiku hayupo nyumbani. Kuanzia Mei mpaka Agosti alishinda nyumbani amenuna, hela ya matumizi ikawa ya shida, na mimi nikashindwa kuandika kwa amani. Sasa watu wa mwaloni wamemjaza maneno, amebadilika, hataki hata kuniona na kompyuta, ile iliyonunuliwa mwaka juzi dagaa walipokuwa wengi. Mama yake naye anasema nakesha kwa ajili ya uongo. Mwakani nimepanga kuacha ualimu, nihamie Dar, niandike riwaya nne na nishinde Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Kuna mhariri huko ananielewa sana, amesema atanipokea mpaka nijipange. Nimwambieje mume wangu bila kumuumiza? Nimeambatanisha sehemu tatu za riwaya yangu mpya uone kipaji changu.*
*Mwandishi, Kigoma, 2024*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kusahihisha madaftari ya darasa zima mchana, kisha usiku ukae uandike mpaka macho yawake moto, tena riwaya tatu kwa mwaka mmoja, hiyo ni kazi ya jasho. Mtu akiiita mchezo una haki ya kuumia. Na kipaji unacho. Sehemu zako tatu nilizisoma bila kuinuka.

Pole yangu inaishia hapo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu nikapigia mstari kila mahali ulipomtaja mume wako.

Mstari wa kwanza: usiku hayupo nyumbani. Ungemwandikia shangazi wa Dodoma, angekuonea huruma akadhani mume ana nyumba ndogo. Mimi nimekulia Ujiji. Dagaa huvuliwa usiku, wakati wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, dagaa hawakusanyiki, na wanaume hulala kwao. Kwa hiyo kila mwezi zipo siku ambazo mume wako yuko nyumbani usiku kucha. Siku hizo hukuzitaja. Nadhani ndizo unazoandika sana.

Mstari wa pili: Mei mpaka Agosti alinuna na hela ikawa ya shida. Mwanangu, mwaka huu wa 2024 ziwa lilifungwa! Tangu Mei 15 hadi Agosti 15 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kwa mpango tuliokubaliana na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia. Mitumbwi ilipandishwa mchangani, nyavu zikakunjwa. Mwanaume aliyezoea kurudi alfajiri na riziki ya nyumba mikononi akakaa kwenye kiti miezi mitatu akimwangalia mkewe anakwenda kazini. Wewe unaishi Kigoma, unayajua haya kuliko mimi, na kwenye barua umeyafupisha kwa neno moja: amenuna. Nasi wasomaji tumwone mume mvivu mwenye kisirani.

Hapo hapo nakuona na wewe. Miezi ile mitatu nyumba ilikula mshahara wako. Unga, mafuta, sare za watoto, yote juu yako, na sidhani kama kuna aliyekuambia ahsante. Kama uchungu wako ulianzia hapo, ni uchungu wa haki, na ulitakiwa kuusema mezani kwa sauti ya kawaida: baba fulani, nimebeba nyumba hii miezi mitatu na hujaniambia neno. Hukusema. Uliuandikia riwaya.

Sasa kompyuta. Umeandika, "ile iliyonunuliwa mwaka juzi dagaa walipokuwa wengi." Wewe ni mwalimu, unawafundisha watoto kauli ya kutendwa. Kikombe kimevunjwa, sukari imeliwa. Mtoto akisema hivyo unajua kuna mtenda anafichwa. Ilinunuliwa na nani? Dagaa hawaendi dukani. Mwanaume huyo alikesha juu ya maji, upepo unampiga, akauza, na badala ya kuongeza mtumbwi au kuezeka bati jipya akamnunulia mkewe kifaa cha kuandikia hadithi ambazo yeye mwenyewe huenda hana muda wa kuzisoma. Anayezuia kipaji cha mke hafanyi hivyo. Mwanangu, kwenye hiyo ndoa wa kwanza kukiamini kipaji chako alikuwa yeye, na jina lake umelifuta kwa neno moja la kutendwa.

Tuje kwenye sehemu tatu ulizonitumia. Mwalimu mzuri wa sura, ameolewa na mvuvi wa dagaa. Mvuvi ni bahili, kucha zinanuka samaki, analala na nguo za ziwani, hajui kubembeleza. Umempa jina la utani, Bwana Karabai, kwa ile taa ya kuvulia dagaa. Kisha anashuka injinia kutoka Dar, ana shati jeupe na marashi, anamsikiliza mwalimu akiongea mpaka machozi yanamtoka. Unaniambia watu wa mwaloni wamemjaza mumeo maneno, lakini maneno yenyewe hukuyaandika. Nayajua. Kibirizi simu zipo kila mfuko, na dada wa kuanika dagaa wanasoma riwaya kuliko walimu. Alfajiri mtumbwi unagusa mchanga, ameshuka amelowa mpaka kiunoni, anasikia nyuma yake: "Bwana Karabai, leo umeoga?" Halafu kicheko cha watu 20. Anachukua ndoo yake, anakuja nyumbani, anakukuta umeinamia kompyuta aliyoinunua yeye, unaandika sehemu ya nne.

Unasema hajasoma hata moja. Hiyo ameisoma. Au amesomewa mbele za watu, ambayo ni mbaya zaidi.

Kinachoanikwa Kigoma ni dagaa. Mume haanikwi. Na nitasema wazi niko upande wake katika hili. Hakuivunja kompyuta, hakukupiga, hakukurudisha kwenu, hakukuombea kikao cha wazee. Ameangalia pembeni tu. Mwanaume aliyetahayarishwa mbele ya wenzake wa kazi akaishia kuangalia pembeni ana stahamala ambayo wengi hawana.

Sisemi mwandishi asiandike ya moyoni. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, na mpaka leo wanafunzi wanalighani shuleni; watu ambao hawakumwona Amina hata siku moja wanamwombea heri. Ya ndani yake yalitoka kalamuni, na mkewe akabaki na heshima yake. Na kwa kuwa unataka kuacha kazi mwakani, lijue na hili: huyo tunayemwita baba wa fasihi yetu alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akaendelea na ofisi nyingine za serikali. Aliyatunga mengi akiwa na meza ya mwajiri inayomngoja asubuhi.

Tupige hesabu yako. Wasomaji 400 kwa shilingi 1,000 ni laki nne kwa riwaya. Riwaya tatu ni milioni moja na laki mbili kwa mwaka mzima, ambayo ni laki moja kwa mwezi, na hapo sijatoa bando, wala wale wanaoahidi kulipa kesho. Kwa laki moja Dar es Salaam utapanga wapi? Utakula nini? Mshahara wa mwalimu mnaulalamikia wenyewe, lakini unaingia ziwa likifunguliwa na likifungwa, na mwaka huu uliokoa nyumba. Kama kuna mtu anakula hela yako, ni wale wanaoinakili riwaya nzima na kuirusha kwenye magrupu mengine bure. Hao ndio wa kupigana nao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Nenda kasajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, ili siku ukimkamata mwizi uwe na karatasi mkononi.

Tuzo nayo si ya kubezwa, nakuunga mkono uiwanie. Taasisi ya Elimu Tanzania imeianzisha vizuri, imeanza kutolewa 2023, siku ya Aprili 13 aliyozaliwa Mwalimu, na mshindi wa kwanza wa riwaya amekuwa akipata milioni 10. Lakini ni zawadi, huwezi kuipangia kodi ya nyumba. Na mswada hauulizwi umeandikiwa Sinza ya Dar au Gungu ya Kigoma. Unaotakiwa ni mmoja, uliokaa miezi, ukasomwa, ukafutwa, ukaandikwa tena. Wewe umezoea kukata sehemu pale msomaji anapotweta ili arudi kesho. Jaji anasoma kitabu chote kwa mkupuo. Ukimkatia mara 40 atachoka. Hizo riwaya nne za mwakani zifanye moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kunataka mahali pa kukaa, watoto waliolala na chakula kilichopikwa.

Chakula hicho anapika nani usiku ukiandika? Umesema mama mkwe analalamika unakesha. Atajuaje unakesha kama hayupo hapo? Yupo. Nahisi ndiye anayewaamsha wajukuu na kuwachemshia chai, ndiyo maana anaona taa yako haijazimwa. Mama huyo akisema "uongo" usimchukie. Mpe kazi yako kwa lugha yake: mama, hii ni kazi, imelipa ada ya mtoto muhula ule. Kama kweli imelipa.

Nimemwacha mhariri makusudi. "Ananielewa sana." "Atanipokea mpaka nijipange." Mhariri anapokea mswada, mwanangu. Anayekupokea wewe na begi lako huyo ana shughuli nyingine. Ana mke? Hukusema. Anafanya kazi kampuni gani ya vitabu, amehariri kitabu gani ambacho mimi naweza kukinunua? Hukusema. Na tazama riwaya yako tena: mwanaume wa Dar, anayesikiliza, anayeelewa. Ulishaandika safari hii kabla hujaniomba ushauri. Swali lako kwangu halikuwa uende au usiende, lilikuwa umwambieje mumeo. Siwezi kukusaidia kutunga hilo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hili la kueleweka linanitia uchungu, na si kwako peke yako. Kila wiki barua zinaniletea neno hilo: hanielewi, nimempata anayenielewa. Bibi zetu waliuliza mume kama anarudi, kama analeta, kama anasitiri. Sidai walikuwa na raha yote, wapo walionyamaza mpaka wakazikwa na ya moyoni, na sitaki mrudi huko. Lakini walijua kumjua mtu kunachukua miaka na kunatoka jasho. Anayekuelewa kwenye simu anakuelewa saa nne usiku, umeshaoga, umeshachagua maneno. Anayelala nawe anakujua saa kumi na moja alfajiri, maji yamekatika na mtoto anatapika. Mmoja anasoma jalada, mwingine yuko ukurasa wa 300. Ninyi vijana mnapata ugomvi mnakwenda kuusimulia status kabla ya kuusimulia chumbani. Watu 200 wanajua mmegombana, mume hajui ni kwa nini. Kisha mnashangaa ndoa zinakuwa kama mgahawa, watu wanaingia na kutoka.

Sasa fanya hivi. Riwaya ya Bwana Karabai iondoe wiki hii. Wasomaji 400 watalia arosto, waache walie, warudishie hela zao wanaodai. Barua ya kuacha kazi usiiandike. Mhariri mjibu kwa mstari mmoja: mswada ukiwa tayari nitautuma kwa barua pepe. Akikasirika, utakuwa umejua alikuwa anahariri nini.

Na kesho usimngoje mume wako nyumbani. Nenda Kibirizi alfajiri, na chupa ya chai na maandazi, wakati mitumbwi inarudi na mwalo umejaa watu. Simama hapo na vitenge vyako vya heshima mpaka ashuke, mpokee ndoo mbele ya wale waliomcheka, mwite kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Usitoe hotuba. Watakaokuwa wameisoma riwaya yako wataelewa wenyewe.

Msamaha umwombe chumbani, mwezi utakapokuwa mpevu na yuko nyumbani. Mwambie ulichofanya, kwa kauli ya kutenda: nilikuandika vibaya, nikakuuza kwa shilingi elfu moja moja. Kisha kama ameupokea, fungua kompyuta yake umsomee sura ya kwanza ya riwaya mpya, hiyo ya tuzo, kabla msomaji mwingine yeyote hajaiona. Atasinzia, amechoka. Soma tu. Akiamka akauliza ikawaje, niandikie unieleze alikuwa amefika wapi.