Baba ameacha suti, harusi na simu: ni uzee au ni ugonjwa?

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Baba yangu ana miaka 71 na ameshona suti Gikomba kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka jana aliacha suti. Siku hizi anapunguza pindo za suruali tu, tena asubuhi, na jioni humwita binti yangu amtilie uzi kwenye sindano kumi, azichomeke kwenye kipande cha sponji tayari kwa kesho. Harusini haendi, chama amejitoa, simu hapokei. Amebaki na wazee wawili wa kucheza nao drafti Jumamosi, na hadithi zake za ujana tumezikariri. Ndugu zangu wanasema ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni, arudishwe ushago akapumzike. Mimi naona labda tumlazimishe kuchangamana na watu. Tufanye nini? — Msomaji, Kaloleni

JIBU: Dada, zile sindano umezitaja kama jambo la kupita tu, lakini nilipofika hapo nilirudi kusoma upya.

Mwaka 1990 Paul Baltes na mkewe Margret, wanasaikolojia wa Ujerumani, walieleza kwamba anayeuzoea uzee vizuri hufanya mambo matatu: huchagua machache, huyatia bidii hayo machache, na hutafuta njia ya kufidia nguvu zilizopungua. Mfano wao maarufu ni mpiga piano Arthur Rubinstein. Uzeeni alipunguza idadi ya vipande alivyopiga, akavifanyia mazoezi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo ili kasi inayofuata isikike kubwa kuliko ilivyo. Sasa mtazame mzee wako. Suruali badala ya suti, saa za mwanga mzuri, macho ya mjukuu kwa ajili ya sindano. Hakufundishwa na mtu, na mimi ningependa wagonjwa wangu wengi wafike hapo.

Marafiki kupungua pia peke yake si dalili mbaya. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ameonyesha kwamba mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi, hukaa na wale wanaomgusa moyo na kuwaacha wa kujuana juu juu. Kumburuta mzee kwenye harusi ya watu asiowajua ati achangamke ni kumchosha bure.

Hadithi nazo zina kazi yake. Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba wazee huyapitia upya maisha yao ili kupatana nayo. Mwulize swali katikati ya hadithi: nani alikuwepo, alijutia nini. Lakini kurudia kisa cha 1978 si sawa na kuuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa. Hilo la pili ni la kumwona daktari.

Sonona je? Si sehemu ya uzee, na inatibika. Kwa wazee mara nyingi haiji na machozi. Huja na maumivu ya mwili yasiyoeleweka, usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha, uzito kushuka, mtu kujiita mzigo. Kipimo changu kwa baba yako ni drafti. Siku atakapoacha kwenda Jumamosi bila sababu, au dalili hizo zikidumu wiki mbili, mpelekeni hospitali. Akisema heri afe, msingoje wiki mbili. Nendeni siku hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo linanisumbua katika barua yako. Tazama alichoacha: simu, harusi zenye vipaza sauti, mkutano wa chama ambamo watu kumi husema kwa pamoja. Tazama alichobakiza: mchezo wa watu wawili wanaotazamana, usiohitaji maneno mengi. Mimi hapo nashuku masikio kabla ya moyo. Asiyesikia vizuri huchoka kujifanya amesikia, mwishowe hukaa nyumbani, na watu husema amekuwa mkimya. Na macho je, nani ameyapima? Kama ni mtoto wa jicho, kuna upasuaji. Mzee anaweza kuikubali mapema mno hali ambayo ingetengenezwa, na heshima yetu kwa uzee wake ikamsaidia kukosea.

Kwa hiyo wiki hii, masikio na macho. Msimwambie anapelekwa kwa sababu amezeeka. Mwambie unataka amalize suruali haraka zaidi. Ya ushago yasubiri. Huko hakuna meza yake, hakuna wazee wawili wa Jumamosi, wala mjukuu wa jioni. Na hata akipata miwani, sindano mwacheni binti aendelee kuzitia uzi.