Mume wangu amehamia sebuleni

"Dada, mume wangu ana miaka 62. Tangu Ramadhani analala sebuleni. Nilidhani ana mwanamke, kumbe usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda kukojoa, na juzi nimekuta kaficha shuka lenye mkojo. Anakunywa mizizi aliyouziwa sokoni. Hospitali hataki, anasema heri afe kuliko kutiwa kidole. Nifanyeje?" – Mke, Tanga

Mdogo wangu,

Simu yake iache, huyo mwanamke hayupo. Shemeji yangu anasumbuliwa na mkojo na anakuonea aibu. Kwa umri wake, wa kwanza kushukiwa ni tezi dume. Inakaa chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Mwanamume akivuka hamsini, tezi hiyo huanza kutanuka, na wakifika themanini ni wachache wanaosalimika. Ikiubana mrija, mkojo hutoka kwa kukatikakatika na hauishi wote kibofuni. Ndiyo maana haukawii kumwamsha tena, na matone ya mwisho yanaishia kwenye shuka.

Kutanuka huko si saratani, wala hakugeuki saratani. Ila saratani ya tezi dume nayo ipo, na mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo kupimwa ni lazima. Kama baba au kaka yake aliwahi kuugua, msichelewe hata kidogo.

Sasa hicho kidole kinachovumishwa vijiweni. Kwa kawaida vipimo huanza na mkojo na damu, kile kipimo cha PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume. Kikiwa juu si hukumu ya saratani, maana hata tezi iliyotanuka tu au yenye maambukizi hukipandisha. Daktari akihitaji kupapasa kwa kidole chenye glavu, haifiki dakika. Sisi tumezalia mbele ya wanafunzi wa udaktari na hakuna aliyetuuliza heshima yetu iko wapi! Lakini wewe usimwambie hivyo, niachie mimi.

Wewe mwambie mwende hospitali ya Bombo kupima sukari na presha. Humdanganyi, kwani kisukari nacho huamsha watu usiku. Akishakaa na daktari, wakiwa wawili tu, atasema mwenyewe. Watoto usiwaingize. Akihitaji kusukumwa, mtafute rafiki wa rika lake aliyekwisha kutibiwa.

Dawa zipo. Kuna vidonge vya kulegeza misuli, ila vinaweza kuleta kizunguzungu, hivyo akiamka akae kwanza kitandani ndipo asimame. Vingine huipunguza tezi yenyewe, navyo vinataka miezi, si wiki. Upasuaji mara nyingi hupitia njia ya mkojo bila kuchana tumbo. Baada yake mbegu zinaweza kurudi kibofuni badala ya kutoka nje, na hilo aelezwe mapema asije akadhani amerogwa.

Mizizi aiweke kando, na amtajie daktari. Chai na kahawa za usiku apunguze, maji anywe mchana. Vidonge vya mafua asijinunulie ovyo dukani, vingine huufunga mkojo.

Na ikitokea mkojo umegoma kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma, usingoje kuche. Ita bajaji umpeleke hospitali akawekewe mpira wa kutolea mkojo. Akikojoa damu, au akipata homa na kutetemeka, mwahishe vilevile.