Mahekalu ya China ukutani: tuyaweke wapi?

SWALI: Anti za kazi. Mi nina picha tano za zamani za mahekalu ya China, zile za kuchapwa kwenye karatasi, babu yangu alizitunza kwenye bahasha miaka yote na sasa zimenifikia mimi. Nne ni ndogo, saizi ya daftari, na moja ndefu ya mnara wenye ghorofa nyingi. Mume wangu anataka tupake ukuta wa sebule nyekundu, tuweke fremu za dhahabu na taa za karatasi "ili ziendane". Mi naona itazidi. Halafu mbili zina madoadoa ya kahawia, niyafute na nini?

JIBU: Mdogo wangu, hapo niko upande wako, na shemeji asininunie. Hizo picha nyingi ni mistari myembamba myeusi kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya maziwa, sasa ukiibandika juu ya ukuta mwekundu na dhahabu pembeni, mgeni akiingia anaona ukuta, picha haioni kabisa. Na nani kasema China ni nyekundu tu? Lile jumba la duara la Hekalu la Mbinguni pale Beijing, la kuombea mavuno, lina mapaa matatu yamepandana na vigae vyake ni vya buluu, buluu ya mbingu. Kama lazima muongeze rangi basi chukueni hiyo, kwenye mto mmoja wa kochi, basi.

Kabla hujaenda kwa fundi fremu, kaa na moja mezani uiangalie vizuri. Angalia chini ya paa, pale nguzo inapokutana na dari, utaona vipande vya mbao vimepangana kama vidole vya mikono miwili, kipande juu ya kipande, kila kimoja kinatokeza nje kidogo kuliko cha chini. Wachina wanaita dougong. Ndivyo vinavyobeba ule mzigo wote wa vigae na kulifanya paa litoke nje mbali, na vinashikana kwa kuchongwa viingiane. Kwenye mlima Wutai, hukohuko China, kuna hekalu la Foguang, ukumbi wake mkubwa ni wa mwaka 857 na bado umesimama! Sasa fundi akikuwekea fremu pana yenye maua maua, jicho halifiki huko. Mwambie fremu nyembamba ya mbao nyeusi au kahawia, na ndani aweke karatasi nene isiyo na asidi kuzunguka picha, pana kiasi, picha isigusane na kioo maana ikigusana unyevu ukiingia inanata.

Huo mnara mrefu, kama maandishi ya chini yanataja Nanking, mji wa China, huenda ni ule mnara wa kauri wa huko, nao uliangushwa 1856 kwenye vita vya Taiping, ule uasi mkubwa wa Wachina wenyewe kwa wenyewe. Hesabu ghorofa. Wenyewe ulikuwa na 9, ila Mholanzi Johan Nieuhof aliyepita huko miaka ya 1650 kwenye picha yake zikatokea 10, na Wazungu wengine wakaendelea kuiga hivyohivyo. Ukikuta 10 usisikitike, hapo ndo umepata cha kuwasimulia wageni. Ipe ukuta wake peke yake, ule mwembamba kati ya mlango na dirisha, zile nne zipange mbilimbili kwingine, katikati ya kundi iwe kama sentimita 150 toka chini. Jua lisizipige.

Madoa usifute na chochote, sio maji, sio mkate, sio ndimu (ndio, kuna mtu aliniambia ndimu). Mpelekee mtaalamu wa karatasi au yaache, mi ningeyaacha. Na selotepu ikae mbali kabisa.

SWALI: Nimeuziwa picha ya hekalu naambiwa ni ya miaka ya 1840, ina rangi nzuri. Nitajuaje sio fotokopi?

JIBU: Chukua lenzi ya kukuza. Ukiona vidoti vidogo vimejipanga kwa safu kama vya gazetini, hiyo ni nakala ya mashine ya baadaye. Ukiona mistari mikali inayopishana, hapo kuna matumaini. Rangi isikubabaishe, picha nyingi za wakati huo zilitoka nyeusi na nyeupe, mtu akaja kupaka kwa mkono baadaye, wakati mwingine miaka mingi sana baadaye. Na hata ikiwa ya kweli usiichukulie kama ushahidi, Mwingereza mmoja mchoraji, Thomas Allom, alichora China nzimanzima kwenye picha zake za 1843 na hakuwahi kukanyaga huko, alitumia michoro ya wenzake.

SWALI: Ni vibaya kuweka picha ya hekalu chooni?

JIBU: Mahekalu mengi bado watu wanaabudu humo, kwa hiyo mi nisingeweka. Ila hata ukiacha heshima, mvuke wa bafuni utaikunja hiyo karatasi iwe kama chapati. Weka koridoni.