Kabla ya kununua choo cha mashua, jua majitaka yatakwenda wapi

Shikamoo fundi. Nimehamia Dodoma na ofisi, mashua yangu ya tanga imebaki Msasani. Nataka kuifungia choo cha umeme cha volti 12 ila naogopa kitamaliza betri. Ninunue kipi? (Msomaji, Kisasa)

Marahaba. Hofu hii ya betri naletewa kila mara, na kila mara anayeileta hajapiga hesabu. Pampu yenye visu vya kusaga hula karibu ampea 20, lakini kwa sekunde 15 tu. Vuta mara kumi kwa siku, hujafikisha ampea-saa 1. Friji ya mashua inakula zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana.

Adui yako ni waya. Choo kiko mbele, betri iko nyuma, kwenda na kurudi tuseme mita 16. Fundi aliyezoea nyumba atakuja na waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi, kwa sababu ndio ulio kwenye begi lake. Kwa ampea 20, waya huo unapoteza zaidi ya volti 2 njiani. Visu vinazunguka kivivu, karatasi inakwama, na lawama zote anabebeshwa aliyekuuzia choo. Weka waya wa milimita za mraba 16, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kuhusu aina, chukua ile ambayo sili (mipira ya kuzuia kuvuja) na visu vyake vya akiba unavipata dukani siku hiyohiyo. Kama muuzaji anasema vitaagizwa baadaye, ondoka.

Hukuuliza kuhusu tangi la majitaka, na hapo ndipo ununuzi ulipaswa kuanzia. Kila ukivuta ni kama lita 2. Watu wanne, kila mmoja mara tano, ni lita 40 kwa siku. Tangi la lita 60 linajaa siku ya pili. Pima kwanza nafasi ya tangi, ndipo uchague choo. Wengi wanaruka hatua hii wakijua watafungulia baharini. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni hifadhi za bahari, na watu wanaogelea pale na watoto wao. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unazitaka meli kubwa ziwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu kabla ya kumwaga majitaka ghafi. Mashua yako ni ndogo, mkataba huo haukulengi wewe, lakini kinyesi ni kilekile.

Pedi na waipsi zinasagika?

Hapana. Wala nywele. Nimelijibu hili mara nyingi, sitalijibu tena.

Choo kinanuka mayai viza ingawa nakisafisha kwa jiki kila siku.

Acha jiki, inakula mipira ya sili. Choo chako kinavuta maji ya bahari, na maji hayo yana viumbe wadogo wanaokufa na kuoza ndani ya bomba mashua ikikaa wiki nzima bila mtu. Kabla ya kushuka, vuta kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka bomba zima lisafike. Harufu ikibaki, chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kamua, kizungushie mpira wa majitaka, ngoja kipoe, kisha kinuse. Kikinuka, mpira umeshapitisha uvundo na hakuna dawa; nunua mpya, ule mzito uliotengenezwa kwa majitaka. Mpira wa bustani usiusogelee kabisa.

Sinki la choo hujaa maji lenyewe mashua ikilala upande.

Funga valvu ya kwenye ubavu wa mashua leo, kabla hujamaliza kusoma. Sinki liko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanajivuta yenyewe yakishapata njia, na mashua huzama kwa namna hiyo ikiwa imefungwa salama bandarini. Mpira upandishwe juu kabisa ya usawa wa maji, hata mashua ikiwa imelala, na kileleni uwekewe valvu ndogo ya kuingiza hewa, ili mvuto huo ukatike.

Nzuguni maji ni ya mgao. Choo cha mashua si kingenisaidia nyumbani?

Hapana, dada. Utanunua betri, pampu na visu, halafu bado utahitaji shimo. Sinki la kuchuchumaa la kumwagia kwa kopo linatosheka na lita 2 au 3, na umeme ukikatika halina habari.

Nataka kuweka boti ya watalii Mtera. Kwa kuwa choo kinasaga, naweza kumwaga bwawani?

Usithubutu. Kusaga kunapunguza ukubwa wa kinyesi, vimelea vinabaki vilevile, na sasa vimesambaa vizuri zaidi. Mtera ni maji yaliyozuiwa kwenye Ruaha Mkuu, hayana mawimbi ya bahari wala maili 12 za kukimbilia. Kuna wavuvi wanaochota maji ya kunywa wakiwa palepale ndani ya mitumbwi, na samaki wake tunakula huku mjini. Funga tangi lisilo na njia yoyote ya kutokea bwawani, lenye mdomo wa juu wa kunyonyea. Kisha nenda mwaloni ukaangalie kama gari la majitaka linaweza kufika. Kama haliwezi, usiweke choo kwenye boti. Jenga choo nchi kavu, mbali na maji, na safari zako ziwe za saa moja moja.