Kabla hujapeleka vitu vya mtoto deikea ya Mukuru, kaone chumba kwanza

Dada, umesema mtoto wako ametimiza miaka mitatu, umebaki na kitanda chake cha mbao, kigari cha kusukuma, kiti cha gari, chupa za maziwa na magunia mawili ya nguo na midoli, na unataka kuvipeleka deikea moja (kituo cha kulelea watoto mchana) huko Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi. Nilipita njia hiyo 2022, na mara ya kwanza niliboronga.

Nilijaza gari vitu kama hivyo hivyo vyako, nikatoka South B hadi Mukuru kwa Njenga. Si mbali, ila gari lilifika barabarani likakwama. Kutoka hapo ni vichochoro, mitaro na kamba za nguo, ikabidi nikodi mkokoteni. Deikea yenyewe ni chumba cha mabati, futi kumi kwa kumi, watoto kumi na wanne. Mwenye deikea tunamwita Shosh. Akina mama wengi wanaomwachia watoto hutafuta vibarua Eneo la Viwanda. Wanawaleta saa kumi na mbili asubuhi, wakati huo walikuwa wanalipa shilingi 70 kwa siku, na siku kibarua kikikosekana Shosh anaandika kwenye daftari tu. Alipokea kila kitu, akaniombea hadi nikaona haya.

Wiki tatu baadaye nikapita kusalimia. Kitanda kilikuwa kimepangwa sufuria na mabeseni, maana kilimeza robo ya chumba na kingelaza mtoto mmoja, labda wawili wakibanana. Kigari kilikuwa kinabeba maji, madumu mawili kwa safari (na kwa kweli hicho ndicho kilichopata kazi ya maana). Midoli ya manyoya ilikuwa kwenye mfuko, imetundikwa juu msumarini. Itatafunwa na watoto kumi na wanne, nani ataifua, na maji yananunuliwa kwa dumu?

Kiti cha gari ndicho kilichonishtua. Kitoto cha miezi minne kilikuwa kimelala humo, kidevu kimegusa kifua. Mtoto mchanga akijikunja hivyo njia ya hewa inaweza kuziba; anafaa kulala chali, kwenye godoro gumu na tambarare, bila mto wala midoli pembeni. Na aliyeleta kiti bila kusema neno ni mimi. Nilirudi nacho nyumbani siku hiyo hiyo.

Ndipo nikauliza swali ambalo ningeanza nalo: "Shosh, hapa kunakosekana nini?" Akazungukazunguka kwanza, hakuna haja, Mungu akubariki. Nikakaa, nikanywa chai. Mwishowe akasema, "Poti, mwanangu." Kile chombo cha mtoto kujisaidia, alikuwa nacho kimoja tu. Mtoto mmoja akiharisha Jumatatu, Jumatano wanaharisha watano.

Kwa hiyo safari ya pili nilipitia soko la Kamukunji: poti sita, mabeseni ya rangi mbili ili la nepi lisichanganywe na la vyombo, ndoo yenye mfereji wa kunawia mikono, vikombe vya plastiki. Baadaye tukaongeza magodoro membamba ya sponji, fundi akayashonea kile kitambaa kizito cha plastiki kinachowekwa viti vya matatu. Mchana yanatandikwa sakafuni, jioni yanapangwa kwenye kona. Mvua za Aprili 2024 maji yaliingia mle ndani. Magodoro yake ya zamani yalitupwa, haya yalipanguswa yakaanikwa.

Chupa za maziwa usibebe. Kuzisafisha vizuri kunataka maji mengi na moto wa kuchemshia, wakati kikombe cha wazi kinasuguliwa kote mara moja. Na kama una kile kigari cha magurudumu cha kumfunza mtoto kutembea, kitupe kabisa. Kanada walikipiga marufuku 2004, na huko kwao jiko haliko hatua mbili kutoka mtoto alipo.

Nguo peleka, hasa za kubadilisha. Zipange kwa umri, zilizochanika zisiingie.

Kuhusu nani wa kumpitia: tafuta mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho. Anazijua hata deikea zisizo na kibao mlangoni. Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto tangu 2017, lakini deikea nyingi za mabati bado hazijaandikishwa, kwa hiyo usiende na kamera wala usiulize karatasi kama askari wa kanjo, wale wa kaunti. Watakufungia mlango.

Na kile kitanda? Shosh alikiuza, akalipa kodi ya nyumba ya mwezi. Nilinuna siku mbili, kisha nikaona alikitumia vizuri kuliko mimi. Chako kiuze wewe mwenyewe hapo mtaani kwenu, utapata bei nzuri kuliko yeye, kisha hizo pesa ndizo zinunue poti na magodoro. Ukienda kuongea na mwenye deikea, enda saa nne asubuhi, watoto wakiwa wameshakunywa uji. Saa kumi na mbili hana mkono wa kukusalimia.