Joka la Gharama Saba Halikusaidii: Kupima Fungu la Karata 60

Aliyezoea karata za barazani akishika fungu la Magic: The Gathering, mchezo wa karata ambao kila mchezaji hujiundia fungu lake, kwa mara ya kwanza hutafuta turufu. Atakuonyesha karata yake ya joka la gharama saba, yaani linalolipiwa kwa karata saba za ardhi, na kuuliza nani wa kulizuia. Muulize yeye: litafika mkononi lini, na wakati huo atakuwa bado hai?

Fungu halipungui karata 60, na karata za jina moja hazizidi nne, ukiacha ardhi za msingi. Karata uliyoiweka moja tu utaanza nayo kwenye mkono wa kwanza wa karata saba kama mara 12 katika michezo 100. Ukiiweka nne, mara 40. Mpango wote ukisimama juu ya karata moja moja, hiyo ni bahati nasibu.

Kisha ardhi. Hapa ndipo wengi huharibu, maana hupunguza ardhi ili waongeze karata za viumbe vya kushambulia. Ukiwa na ardhi 24, mkono usio na ardhi au wenye moja tu hukujia kama mchezo mmoja katika saba. Zishushe hadi 20, inakuwa mmoja katika minne. Ishirini zinatosha fungu la haraka lenye karata nyingi za gharama moja na mbili. Kwa mwenye joka la saba ni kujitia kitanzi.

Rangi nazo zina hesabu yake, maana kila ardhi hulipia rangi yake. Ukigawa ardhi 22 nusu kwa nusu, nyekundu 11 na kijani 11, michezo kama 22 katika 100 utaanza bila hata nyekundu moja mkononi.

Sasa lijaribu, na mpinzani asubiri kwanza. Changa vizuri, jigawie saba, uandike kwenye daftari: naukubali au naukataa, na nitafanya nini zamu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Chukua mkono huu: ardhi mbili nyekundu, moja ya kijani, viumbe viwili vya kijani vya gharama mbili, karata moja nyekundu ya radi, joka moja. Unaonekana mzuri. Lakini kila kiumbe kikidai ardhi mbili za kijani, mkono umekufa, umebaki na radi tu. Rudia mara 30; kumi ni chache, zinadanganya. Mikono ya kukataa ikizidi saba au nane, rekebisha ardhi na rangi kabla hujagusa kingine.

Mikono iliyokubalika ichezee peke yako, ukihesabu uhai 20 wa mpinzani asiyekuwepo. Fungu linalojiita la haraka liumalize uhai huo zamu ya nne au ya tano. Likifika ya saba, litafutie jina jingine.

Tahadhari ya watu wa pwani: hewa ya Tanga, hasa masika, hukunja karata zinazong'aa. Karatasi inafyonza unyevu na kutanuka, ile tabaka ya kung'aa haitanuki, basi karata inapinda kama kigae. Mwenzako akikata fungu, kidole kinasimama palepale ilipopinda, na majaribio yako yote ni ya uongo. Ziweke kwenye vifuko vya plastiki, juu yake kitabu kizito.

Kama karata hujazinunua, chapisha nakala uziweke kwenye vifuko mbele ya karata za kawaida. Mashindano rasmi hayazikubali, ila kwa majaribio ya mtaani Ngamiani jioni zinatosha, na zinakuokoa na gharama ya kuagiza kitu usichokihitaji.

Mpinzani aje mwishoni, wala asiwe mmoja. Kumfunga jirani yuleyule mara kumi kunaonyesha umemzoea jirani. Tafuta fungu la haraka, la kuzuia mipango ya mwenzake, na la katikati ya hayo mawili. Cheza michezo kumi na kila moja, nusu ukianza wewe. Ukifungwa, andika zamu ipi na ulikuwa umeshika nini. Joka likionekana mkononi katika vipigo vitano kati ya sita, litoe, weka kitu cha gharama mbili, halafu anza tena ile mikono 30.